Kambi Saio ya Bukavu: waliokufa Saio wenyewe wameandikwa wapi?

Kadutu_Juu (Bukavu)
Jambo zenu. Nina swali na nina dai, mnijibu yote mawili.

Hapa Bukavu Kambi Saio inatajwa asubuhi na jioni. Mtoto wa dada yangu alidhani Saio ni ofisa wa jeshi, kama vile Kokolo na Tshatshi ambao kambi za Kinshasa zina majina yao. Nikamweleza kwamba Saio si mtu. Ni mji wa magharibi ya Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo, na huko ndiko Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alikojisalimisha kwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya mkoloni, mwezi wa Julai 1941. Akaniuliza, "Na wale betu walikufa kule, banaandikwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Dai langu ni hili. Jeshi la mkoloni lilichukua jina la ushindi, likalibandika kwenye kambi, likaona limeshalipa deni. Majina ya watu hayakutafutwa. Mimi ni mzaliwa wa Kadutu, nimezeekea hapa hapa, na jiwe lenye majina ya Wakongomani waliokufa Asosa, Gambela na Saio sijaliona kwa macho yangu. Mwenye kulijua, popote lilipo, aseme.

Birere_Kwetu (Goma)
Si Bukavu peke yake. Kinshasa kuna Avenyi Saio, kuna Avenyi Assossa, kuna Avenyi Gambela, na soko la Gambela juu yake. Nilipokuwa nasoma kule viatu vyangu vyote vilitoka Gambela. Muulize muuzaji yeyote pale Gambela ni nini, atakujibu ni soko. Mapigano matatu, barabara tatu, na wapita njia hawana habari.

Lushois_Kenya (Lubumbashi)
Jambo ba yaya. Ku Lubumbashi tuko na Camp Vangu, zamani ilikuwa Camp Massart. Kinshasa nayo, Camp Léopold II ikakuwa Camp Kokolo, ju Kokolo alikufa mu vita ya Simba. Mi naona njo desturi yetu ile: soda (askari) akikufa kiume, kambi inabeba jina yake. Bazungu banajenga sanamu, siye tunapatia kambi jina. Kambi njo jiwe. Sasa unatafuta jiwe gani tena?

Kadutu_Juu
@Lushois_Kenya yaya, Kokolo alikuwa koloneli. Tshatshi alikuwa koloneli. Vangu alikuwa meja. Nitajie kambi moja tu yenye jina la soda wa cheo cha chini, au la mpagazi. Nangoja.

Lushois_Kenya
Apo umenifunga goli. Lakini ku bukari (ugali) hamutatushinda.

Mwalimu_Muhumba (Bukavu)
Aksanti kwa uzi huu. Nafundisha historia, basi niweke mambo mawili sawa kabla hatujaenda mbali.

Kwanza, Kokolo hakufa katika vita vya Simba. Alikufa Novemba 1960, Léopoldville (Kinshasa ya leo), jeshi letu lilipopigana na askari wa Umoja wa Mataifa kwenye ubalozi wa Ghana. Waasi wa Simba walikuja 1964. Tshatshi ndiye aliyeuawa Kisangani, 1966, katika uasi wa wanajeshi wa Katanga. Halafu si kila jina ni la marehemu. Hapa Bukavu tuna Place Mulamba, na Mulamba aliulinda mji huu Agosti 1964 akabaki hai, mwaka uliofuata akawa waziri mkuu.

Pili, Saio yenyewe. Watu wanaisimulia kama mechi ya mpira: tuliwapiga, wakakimbia. Haikuwa hivyo. Ubelgiji ulianguka mikononi mwa Wajerumani Mei 1940, Kongo ikabaki upande wa Waingereza. Askari wetu walitoka pande za Aba, wakaingia Sudan, Juba, kisha wakashuka Nile kwa meli na kupanda tena mito inayotoka Ethiopia. Asosa ilianguka tarehe 11 Machi 1941, Gambela mwezi huohuo. Ilipobaki Saio, mambo yakawa magumu. Saio iko juu, kwenye nyanda za baridi. Waitalia walikuwa juu na mizinga yao, na walikuwa wengi kuliko wetu. Wetu walikuwa chini, kando ya kijito cha Bortai. Walifika hapo Aprili. Mvua zikaanza, njia zikafungika, chakula hakipandi. Wakaingiliwa na kuhara damu na beriberi. Walikaa hivyo hadi Jenerali Gilliaert alipokuja na kikosi cha nyongeza, wakashambulia tarehe 3 Julai, na siku hiyohiyo Waitalia wakatuma wajumbe wenye bendera nyeupe. Majenerali tisa walitekwa.

Sasa maelezo yangu kwa swali la Kadutu_Juu. Kifo cha Saio hakikuja kwa risasi peke yake. Mtu aliyekufa kwa kuhara kando ya kijito, mvua ikimnyeshea, hakuna ofisa aliyeona hapo pa kuchongea sanamu. Jeshi hukumbuka anayeanguka na bunduki mkononi.

Mwana_Idjwi (Idjwi)
Salamu. Mwalimu ameeleza vizuri lakini mnaanzia katikati ya hadithi. Sisi wa kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, tunaanzia 1914. Wajerumani walishambulia ukingo wa Lukuga, Kalemie ya leo, mwezi wa Agosti, na Septemba wakaja kuchukua Idjwi yetu. Walikaa hadi 1916. Ndiyo maana ninaposikia watu wanasema vita vya dunia vilikuwa vya Wazungu nakasirika. Vilipigwa kwenye mashamba yetu.

Halafu mwaka huo 1916 Force Publique ikavuka. Kigali ikaanguka Mei, Kigoma Julai, Tabora tarehe 19 Septemba. Askari kama 15,000. Lakini nyuma ya hao askari kulikuwa na nani? Wapagazi. Hesabu inayotajwa na wanahistoria ni 260,000 kwa vita nzima, wengine kwa muda mfupi karibu na kwao, wengine mpaka Tabora na mpaka Mahenge. Walibeba unga, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na wazungu wagonjwa kwenye tipoyi (machela). Jenerali Tombeur alipewa cheo cha baron na jina la Tombeur de Tabora. Mpagazi akapewa nini?

@Mwalimu_Muhumba sikubali hiyo ya kuhara. Sababu ni moja: wapagazi hawakuandikishwa kama watu, waliandikishwa kama mizigo. Chefu anaambiwa atoe vichwa kadhaa, anatoa. Wakirudi nusu, hakuna anayeuliza ni nani aliyebaki.

Isike_Mdogo (Tabora, Tanzania)
Habari za huko ndugu zetu. Nimefika kwa sababu nimeona Tabora imetajwa.

Bila kuwavunjia heshima, niseme upande wa huku. Wazee wetu hawakuliita hilo jeshi la ushindi. Jeshi lililotoka Kongo lilikuwa linakula njiani. Kila lilipopita, ghala zilibaki tupu, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Wajerumani nao walikuwa wamefanya vilevile kabla yao. Kwa hiyo mkitafuta jiwe la mpagazi, kumbukeni wengine wao walikuwa Wanyamwezi.

Ila kwetu kuna kitu mnachoweza kukiangalia. Dar es Salaam, makutano ya Samora na Maktaba, kuna Sanamu ya Askari. Ni shaba, askari Mwafrika mmoja, peke yake, hakuna ofisa mzungu pembeni. Amesogeza mguu mbele, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Iliwekwa 1927. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Na wapagazi wametajwa humo: kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwa hiyo Waingereza walau hilo walilifanya.

Posta_Mpya (Dar es Salaam)
@Isike_Mdogo mkuu, umesema kweli ila umeacha jambo. Nafanya kazi hatua chache kutoka pale, nimesoma ile pande zote. Mwisho wa maandishi, ambayo kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, kuna maneno kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Basi zunguka sanamu yote utafute jina. Hakuna hata moja.

Nairobi na Mombasa ni mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson, na maneno yaleyale. Ya Nairobi ni ya 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nako hakuna jina.

Tena pale Dar kabla ya askari huyo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa. Wenyewe walikuwa wanabadilishana viti.

Kadutu_Juu
@Posta_Mpya aksanti sana, hilo la jina limenigusa. Kwa hiyo hata penye jiwe, jina halipo. Basi swali langu limekuwa zito kuliko nilivyolileta.

Mama_Nguba (Bukavu)
Jambo zenu wana wangu na ndugu zangu. Niwaletee ya nyumbani kwetu.

Babu mzaa mama alikuwa askari wa Force Publique. Saio hakufika, aliandikwa baadaye, akaenda Nigeria na kikosi, kisha Misri, na walifika mpaka Palestina. Kule hawakupigana, walilinda magodauni na njia. Alirudi na blanketi la kijivu, medali moja, na kitabu chake cha askari. Medali iliuzwa wakati wa shida. Kitabu ninacho mimi.

Nakiandika hapa kama kilivyo mbele yangu. Ganda limeliwa na panya kwenye kona. Ukurasa wa kwanza: jina moja. Moja tu, hakuna la baba yake. Chini yake jina la mwami (chifu), halafu kijiji, halafu matrikule, yaani namba yake ya jeshini, iliyopigwa kwa wino mzito kuliko jina lenyewe. Halafu alama ya kidole gumba. Na lile jina, hata lilivyoandikwa, si lake. Ofisa aliandika alivyosikia kwa sikio lake, Mshi, mtu wa kabila letu, akageuzwa kuwa mtu ambaye hatumjui. Babu alipokwenda kutafuta pansion yake, kwenye ofisi moja walimwambia jina la kitabu halifanani na jina la kitambulisho. Alirudi na kurudi. Amekufa hajaiona.

Kwa hiyo mnaosema majina hayakuandikwa, mimi nasema yaliandikwa. Yaliandikwa vibaya. Mkichonga jiwe kutoka kwenye vitabu vile, mtachonga watu ambao jamaa zao hawatawatambua.

Mwana_Idjwi
Mama, pole sana. Lakini unaona sasa, askari alau alikuwa na kitabu. Mpagazi wa 1916 hakuwa na hata hicho kidole gumba.

Mjukuu_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Nimesoma kimya toka mwanzo. Nitasema ambacho watu wa Kivu huenda hamkitaki.

Ninyi mnalia kwa ajili ya askari wa Julai 1941. Sisi huku tuna Desemba 1941. Wafanyakazi wa kampuni ya madini, Union Minière, waligoma, vita vimepandisha bei za vitu, mishahara imebaki palepale, na wazungu wa kampuni walishagoma kabla yao wakasikilizwa. Tarehe 9 Desemba watu wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Askari wakafyatua. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba ya wafanyakazi, akauawa hapo. Hesabu ya serikali ilikuwa makumi ya watu, na wazee wetu hawakuikubali hata siku moja.

Nani alifyatua? Force Publique. Vazi lilelile, bendera ileile, mwaka uleule. Babu yangu alikuwa mfanyakazi, na katika nyumba yetu neno "soda" lilisemwa kwa sauti ya chini mpaka kesho. Kwa hiyo mnapouliza kwa nini hakuna jiwe la askari wa Force Publique katika miji yetu, mimi jibu langu ni kwamba watu hawakulitaka. Lile jeshi ndilo lililokuwa linapiga fimbo vijijini, linakusanya kodi, linachoma nyumba za walioasi. Nyie mngelijengea?

Kadutu_Juu
@Mjukuu_wa_Kamalondo umesema kwa uchungu na nimekusikia. Ila waliokufa Saio hawakuwa wale wa uwanjani.

Mjukuu_wa_Kamalondo
Hawakuwa wale. Lakini kama amri ingewafikia wao, wangefanya nini?

Mwalimu_Muhumba
Hilo lina jibu la nusu. Februari 1944, Luluabourg (Kananga ya leo), askari wa Force Publique waliasi. Kulikuwa na uvumi kwamba chanjo waliyoletewa ni ya kuwamaliza, lakini chini ya uvumi kulikuwa na mambo yote: mshahara, fimbo, dharau. Na huko kwenu Elisabethville maofisa walikuwa na hofu hiyohiyo mwaka huo. Kwa hiyo askari yuleyule alipigwa fimbo, akapiga fimbo, akapelekwa Ethiopia, akaasi. Ukitaka jiwe lenye mtu safi hutapata wa kumwandika. Mimi nasema aandikwe hivyohivyo.

Mjukuu_wa_Kamalondo
Basi aandikwe, na Mpoyi aandikwe jiwe la karibu naye. Bila hivyo mimi sichangii hata franka moja.

Birere_Kwetu
Kuna jambo mmelisahau. Mobutu. Alipoleta "authenticité", siasa yake ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika, sanamu zote za mkoloni ziling'olewa. Huenda jiwe lilikuwepo Bukavu likaondoka na hizo.

Mwalimu_Muhumba
@Birere_Kwetu sanamu zilianza kuondolewa kabla ya neno hilo kuenea. Léopold II aliondolewa Kinshasa 1967. Stanley na Albert wa kwanza nao waliondolewa. (Léopold alirudishwa Februari 2005, akakaa kidogo sana, watu wakapiga kelele, akaondolewa tena.) Miji ilibadilishwa majina 1966: Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville.

Lakini angalia nini hakikuguswa. Saio haikuguswa. Gambela haikuguswa. Mtu aliyefuta jina la Elisabeth kwenye ramani aliliacha jina la Saio kwenye kambi yake. Kwa nini? Naona kwa sababu yeye mwenyewe alitoka Force Publique, na wale waliomtangulia jeshini walijivunia kwamba pale Wazungu waliinua mikono mbele ya Waafrika. Hii inampa nguvu Lushois_Kenya, kwamba jina la kambi lilikuwa kumbukumbu kweli, si kibandiko tu.

Lushois_Kenya
Njo vile! Nilisema mi.

Mzee_wa_Likasi (Likasi)
Mmetaja wapagazi, mkataja Lukuga, na hakuna aliyetaja Katanga. 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka kwetu, zikapita Elisabethville, zikapita hapa, reli ikaishia Fungurume. Toka hapo zikakokotwa porini, juu ya milima ya Mitumba, mpaka Sankisia. Matrekta ya mvuke na ng'ombe. Miti ilikatwa, madaraja yakajengwa, kwa mikono ya watu wa vijiji. Maji ya matrekta yalipokwisha, wanawake ndio waliyabeba kichwani kutoka mitoni. Kisha treni mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, treni tena mpaka Ziwa Tanganyika. Siku moja baada ya Noeli wakaikamata meli ya Kijerumani Kingani. Ofisa aliyeongoza, Spicer-Simson, ameandikwa vitabu. Wale wanawake wa maji je?

Birere_Kwetu
Mzee wa Likasi, uzi wowote ukiuanzisha wewe utaufikisha Likasi tu. Hata wa sambaza (dagaa wa Kivu).

Mzee_wa_Likasi
Kwani nimesema uongo?

Mwana_Idjwi
Hapana mzee, umesema kweli, na ni ushahidi wangu uleule. Wanaobeba hawaandikwi, wawe wanaume wa Idjwi au wanawake wa Katanga.

Matonge_Ixelles (Brussels)
Salamu kutoka baridi. Niongeze ya huku. Katikati ya mji kuna Rue de Tabora, njia fupi tu karibu na Bourse, watu wanapita kwenda kunywa bia. Saint-Gilles kuna kumbukumbu ya Tombeur, ya 1951. Schaerbeek, Square Riga, kuna mnara wa askari wa kampeni za Afrika, ulisimamishwa 1970, miaka kumi baada ya uhuru wetu. Mimi huwapeleka watoto wangu pale. Ni mnara wa wazungu na weusi pamoja, na ni majina ya mapigano, si ya watu.

Na kuna mtu mmoja hamjamtaja: Paul Panda Farnana. Alipigana Ubelgiji 1914, akatekwa na Wajerumani, akakaa kifungoni hadi mwisho wa vita. 1919 alianzisha Union Congolaise hapa Brussels, na moja ya madai yake lilikuwa hili hili mnalolijadili, kwamba askari Wakongomani waliokufa wakumbukwe kwa heshima ile wanayopewa wengine. Zaidi ya miaka mia sasa.

Juni 2022 mfalme Philippe alipokuja Kinshasa alikwenda kwenye kumbukumbu ya wapiganaji wa zamani akamvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia, aliyehudumu Burma. Mlima wa miaka, mtu mmoja ndiye alikuwa amebaki wa kuvishwa.

Kadutu_Juu
Philippe alifika na hapa Bukavu safari hiyohiyo, akaenda hospitali ya Panzi, na Lubumbashi alikwenda pia. Angeulizwa majina. Jalada za Force Publique zilikwenda Ubelgiji na wenyewe, si hapa.

Matonge_Ixelles
Jalada zipo, na watafiti wanaziingia. Lakini soma aliyoandika Mama_Nguba hapo juu. Utapewa namba ya matrikule na jina alilosikia ofisa. Kuanzia hapo kazi ni ya kijijini, si ya Brussels.

Katindo_Sauti (Goma)
Nimevumilia, sasa naongea. Mnatafuta majina ya 1916 na 1941. Mimi nimekulia kambini Katindo, baba yangu ni askari, rafiki zangu wa utotoni wengine ni yatima wa askari. Nitajieni jiwe lenye majina ya askari waliokufa Kivu toka nilipozaliwa. Mama anasikia mume amekufa kutoka kwa simu ya mwenzake. Hana karatasi, hana kaburi. Mwezi unaofuata anaambiwa apishe nyumba ya kambi, inahitajika na mwingine. Hao hawakuliwa na usahaulifu wa mkoloni. Ni sisi.

Tanzania walipopoteza vijana 14 Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, walirudishwa kwao kwa majeneza yenye bendera, na majina yakatangazwa. Walikuja kufia kwenye ardhi yetu wakaandikwa. Wetu waliokufa kwenye misitu hiyohiyo je?

Isike_Mdogo
Pole mdogo wangu. Ni kweli, na kwetu kuna Kaboya, mkoa wa Kagera, ambako wamezikwa waliokufa vita vya 1978 na 1979 na Idi Amin. Kila Julai 25 tuna Siku ya Mashujaa. Hilo halituzuii kuwasahau wapagazi wa Kinyamwezi, nao hawana Kaboya yao. Kila nchi ina waliochaguliwa.

Mwana_Idjwi
@Katindo_Sauti unasema kitu kikubwa, lakini si sababu ya kuufunga uzi wa Saio. Ni ugonjwa mmoja. Ulianza na mpagazi.

Katindo_Sauti
Sijasema ufungwe. Nasema ukianza kuchonga, anza na wale ambao mama zao wako hai wanaweza kuja kusoma.

Mama_Nguba
Mwanangu, nakuunga mkono kwa hilo. Mimi babu yangu hawezi tena kuniambia jina lake sahihi linaandikwaje. Mama wa Katindo anaweza.

Mwalimu_Muhumba
Mimi naona tusingoje jiwe. Tarehe 1 Agosti tunakwenda makaburini asubuhi kusafisha, kila familia na wake. Siku hiyo wazee wanaongea. Anayejua kwamba kwao alitoka mtu akaenda Tabora, Saio, Burma, au kama mpagazi tu, aulize: jina lake la nyumbani, la baba yake, kijiji, alirudi au hakurudi. Nina wanafunzi wa darasa la sita, nitawapa hiyo kazi mwaka huu. Bila nambari, bila vyeo.

Mjukuu_wa_Kamalondo
Na waliouawa na askari hao?

Mwalimu_Muhumba
Nao. Karatasi tofauti, siku moja.

Mwana_Idjwi
Mwalimu, kwa wapagazi usingoje Agosti. Huku Idjwi waliokuwa na habari za vita vya kwanza wamebaki wajukuu tu, na wajukuu wenyewe ni wazee. Nitaanza kusini ya kisiwa wiki hii.

Lushois_Kenya
Mi niko na swali ya mwisho. Vangu mwenyewe, alikufa wapi na mwaka gani? Bukavu muko na Place Major Vangu, siye tuko na kambi. Jina moja miji miwili.

Kadutu_Juu
Yaya, hilo lifungulie uzi wake, watu wa Bukavu watakujibu na watagombana. Hapa mwenye kitabu cha askari nyumbani, kama cha Mama_Nguba, apige picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho aniandikie pembeni, asiweke hapa wazi. Mwalimu na mimi tutapanga kwa kijiji, si kwa matrikule.